Samaki au Dhambi? Kuyapambanua Maneno ya Kihispania Yanayofanana Sura

Mgeni aliyeketi katika mkahawa wa mji wa bandari wa Cádiz, kusini mwa Uhispania, akamwambia mtumishi kwamba anataka "pecado", ataletewa samaki kwa huruma tu, wala si kwa haki ya maneno yake. Samaki aliyekwisha kuvuliwa, aliye tayari kwa kuliwa, jina lake ni "pescado". "Pecado" ni dhambi. Baina ya kitoweo na maasi hapana ila herufi moja, nayo ni s. Vivyo hivyo mvuvi ni "pescador" na mwenye kutenda dhambi ni "pecador". Basi mzee wa pwani anayejitambulisha kwa Wahispania kwa kazi aliyoifanya tangu ujana wake na aangalie sana, asije akaungama mambo asiyoyatenda.

Na uzito wa jambo hili waongezwa na wenyeji wa Cádiz wenyewe. Wao, kama watu wengi wa upande ule wa Andalusia, hawaitamki s kamili inapofuatwa na konsonanti nyingine. Huigeuza pumzi tu, kama h nyepesi inayopita kooni. Mwenyeji huisikia pumzi ile na akajua kwamba anatajiwa samaki. Mgeni hasikii kitu, akadhani mji mzima unauza dhambi kwa ratili.

Lugha hii, mpenzi msomaji, si lugha ya kupuuzwa. Ni lugha ya mama ya watu zaidi ya milioni 450, na ni lugha ya serikali katika mataifa yapatayo 20, mojawapo likiwa hapa hapa Afrika, yaani Guinea ya Ikweta. Meli za Kihispania huvua jodari katika Bahari yetu ya Hindi. Mwaka 2018 madaktari kutoka Kuba walikuja kufanya kazi katika hospitali za Kenya, na mwaka huo huo madaktari wetu nao wakaenda Kuba kusoma. Mtu ye yote atakayekabiliana na lugha hii, awe baharia, tabibu au mfanyi biashara, atakuta kwamba sarufi yake hujifunzika kwa subira. Kinachomwangusha ni maneno mapacha: maneno mawili au matatu yenye sura moja, na kila moja na njia yake.

Lakini Mswahili wa pwani haingii katika mtihani huu mikono mitupu. Hiyo pumzi ya watu wa Cádiz yeye anaijua tangu utotoni. Muulize mtu wa Mvita kama paa la nyumba na p'aa wa mwituni hutamkwa namna moja, atakucheka. Kaa la moto ni jingine, na k'aa wa ufuoni ni mwingine, na baina yao ni pumzi tu, ambayo vitabu vya shule havikuona haja ya kuiandika. Na aliyepitia chuoni akafunzwa kutoa herufi katika makhraji yake atakumbuka jinsi mwalimu alivyomkataza kusema "kalb" mahali pa "qalb". Hii ya pili ni moyo, na ile ya kwanza ni mbwa.

Basi ajabu ni kwamba Kihispania nacho kimemtega mwanafunzi kwa mbwa yule yule. "Pero", kwa r moja iliyoguswa kidogo kwa ncha ya ulimi, maana yake ni "lakini". "Perro", kwa r iliyokazwa ikatetemeka, ni mbwa. Na akiingia mtu ambaye ulimi wake unachanganya r na l, kama wale wasiopambanua mahali na mahari, huongezeka "pelo", ambayo ni nywele. Wapo wanafunzi wanaosema, "Nataka kuja, mbwa sina nafasi." Hali kadhalika "caro" ni ghali na "carro" ni gari kwa watu wa Amerika ya Kusini, "ahora" ni sasa na "ahorra" ni anaweka akiba, "cero" ni sifuri na "cerro" ni kilima. Dawa yake ni moja: ihesabu ile rr kuwa ni ra yenye shada. Anayeweza kukaza ra katika kisomo chake, huyo hana la kuogopa.

Herufi nyingine pia zimo kinywani mwetu. J ya Kihispania haitamkwi kama ile ya "jana". Ni kh, kama ya "kheri". D ikiwa katikati ya irabu hulainika ikakaribia dh ya "dhahabu", na g katika hali hiyo hukaribia gh ya "ghali". Katika Uhispania ya kaskazini na kati, z, na pia c iliyotangulia e au i, hutamkwa th, kama ya "thamani". Wageni wa mataifa mengine huvunja ndimi zao kwa miaka kuzipata sauti hizi. Sisi tumezipata kwa Kiarabu, na wengi wetu twazitoa bila ya kufikiri.

Faida ya th hiyo yaonekana katika maneno mawili. "Casa", inayotamkwa sawasawa na kasa wetu wa baharini, ni nyumba, na "casarse" ni kufunga ndoa. "Caza", inayotamkwa katha, ni mawindo, na "cazar" ni kuwinda. Mjini Madrid mtu akisema "me voy a casar" anaoa, na akisema "me voy a cazar" anakwenda porini na bunduki, na hapana atakayekosea. Lakini th hiyo haikuvuka bahari. Katika Amerika ya Kusini yote, na katika sehemu kubwa ya Andalusia, s na z ni sauti moja. Huko sikio halitakuokoa. Itakubidi umtazame msemaji amebeba nini.

Mtego mwingine katika ukoo huo ni "casado" na "cansado". La kwanza ni aliyeoa, la pili ni aliyechoka. Mwenyeji akikuuliza kama ungependa kupumzika, nawe ukamjibu "estoy casado", umemjulisha habari za nyumbani kwako ambazo hakuziuliza. Wako watani wanaosema kwamba tofauti ya maneno haya ni ndogo kwa sababu maana zao pia zinakaribiana. Hilo tuwaachie wao.

ALAMA ZA JUU

Wazee wetu waliosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu wanajua thamani ya nukta. Nukta ikidondoka, ba si ba tena. Kihispania kina alama mbili za juu ambazo mwanafunzi mvivu huziona pambo, na zote mbili zina ghadhabu.

Ya kwanza ni ule mkunjo unaokaa juu ya n ikawa ñ, nayo hutamkwa kama ny ya "nyumba". Asili yake ni ya kuvutia. Zamani ngozi za kuandikia zilikuwa na bei kubwa, na waandishi wa Kilatini walipofika penye n mbili waliandika moja, kisha nyingine ndogo wakaiweka juu yake. Kwa hiyo "annus" ya Kilatini, yaani mwaka, ikawa "año". Ukitazama vizuri utaona kwamba ni kazi ile ile ya shada: alama ya juu inayokujulisha kuwa herufi hii ilikuwa mbili. "Caña", ambayo ni muwa, nayo ilikuwa na n mbili. "Cana", ambayo ni unywele wa mvi, ilikuwa na moja. "Moño" ni fundo la nywele la mwanamke na "mono" ni kima, na hapo kila mume na aangalie anavyomsifu mkewe. Ama hiyo "año", ikinyang'anywa alama yake, hugeuka jina la kiungo kisichotajwa mbele za watu. Na kwa kuwa Mhispania hasemi "umri wangu ni miaka 30" bali husema "nina miaka 30", mwenye kujaza fomu ya kazi akiisahau alama hiyo huwa amedai kuwa na viungo hivyo 30. Makarani wa huko wameyaona mengi, na hawacheki tena.

Ya pili ni mstari mdogo wa mkazo. Hapa nako tuna jamaa. Sisi husema "barabára" ya kwenda Kilindini, na husema mambo yamekwenda "barábara". Herufi ni zile zile, uzito wa sauti umehama. Katika Kiswahili hayo ni machache, maana mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania pia hukaa hapo, iwapo neno linaishia kwa irabu, au n, au s. Likitoka nje ya kanuni hiyo, huandikwa mstari. Kwa hiyo ule mstari ni ilani: hapa mkazo umehama, geuza sauti.

Matokeo yake ni haya. "Hablo" ni ninasema, "habló" ni alisema. "Sabana" ni mbuga ya nyasi kama zile za Tsavo, "sábana" ni shuka ya kitanda. "Papa" kwa watu wa Amerika ya Kusini ni kiazi, "el papa" ni kiongozi wa Wakatoliki, na "papá" ni baba. Papa wetu wa baharini huitwa "tiburón", wala hamo katika ugomvi huu. Na hilo neno letu "baba", ambalo kila mtoto hulianza nalo, kwa Mhispania ni udenda.

Kuna na lile fungu la "porque". Likiandikwa neno moja bila mstari ni "kwa sababu". Likiandikwa mawili, "por qué", na mstari juu ya e, ni "kwa nini". Wanafunzi hulalamika sana hapa, lakini mtu wa pwani hana haki ya kulalamika. Neno letu "kwani" hufanya kazi zote mbili kwa vazi moja: "Kwani hukuja?" "Sikuja kwani niliumwa." Sisi hatukujiwekea hata huo mstari wa kutusaidia.

MEZANI

Kwa msomaji Mwislamu, pahali ambapo mfanano wa maneno haya huacha kuwa mzaha ni mezani na dukani.

"Jabón" ni sabuni. "Jamón" ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa, chakula ambacho Uhispania imejivunia kwa karne nyingi, kikatundikwa madukani kama sisi tunavyotundika ndizi. Maneno yote mawili huanza kwa kh, yote humalizika kwa mkazo, na katikati b na m zote hutoka midomoni. Katika kelele za sokoni mtu aweza kupewa hiki kwa kile. Ila asili zao ni mbalimbali, na asili ndiyo msaada. "Jabón" ni ndugu wa sabuni yetu. Walatini waliita "sapo", Waarabu wakaita "sabun", na ile b uisikiayo ni b ya sabuni. "Jamón" imetoka kwa Wafaransa, katika neno lao la mguu. Ukiisikia b, nawa mikono. Ukiisikia m, ondoa mkono.

Lililo gumu zaidi ni "manteca". Siagi ya maziwa, Uhispania na Meksiko, ni "mantequilla". Mwanafunzi hujisemea kuwa "manteca" ni siagi vile vile, ila kubwa, kwa sababu "-illa" ni kiishio cha kudogosha. Sivyo. Katika nchi hizo "manteca" ikitajwa peke yake, aghalabu ni mafuta ya nguruwe. Kwa desturi ya Meksiko mafuta hayo huingia katika maharage ya kukaangwa na katika vyakula vingi vya unga ambavyo kwa sura havina nyama hata kidogo. Lakini ukishuka mpaka Argentina au Uruguay, "manteca" ni siagi ya ng'ombe, na ndiyo wanayopaka mkate asubuhi. Neno moja, lugha moja. Katika nchi hii halali, katika nchi ile haramu. Na "manteca de cacao" popote pale ni mafuta ya kakao, ya mmea, hayana shaka.

Kwenye neno hilo kumezaliwa "mantecado". Katika mji wa Estepa, mkoa wa Sevilla, hicho ni kitamu kidogo cha unga na sukari kinachouzwa zaidi majira ya Krismasi, nacho hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Hali kadhalika ndugu yake "polvorón", aliyepewa jina hilo kwa kuwa huvunjika mdomoni kama vumbi, yaani "polvo". Mgeni mwenye haraka akisoma "polvorón" akadhani kuna "pollo" ndani yake, ambayo ni kuku, amekosea mara mbili. Lakini katika kisiwa cha Puerto Rico "mantecado" ni aiskrimu.

Na wakati mwingine jina hutisha bure. "Tocino" ni mafuta ya mwili wa nguruwe, na mtu akiliona hujitenga nalo. Hata hivyo iko tamutamu ya Andalusia iitwayo "tocino de cielo", ambayo ni viini vya mayai na sukari iliyochemshwa tu. Imepewa jina kwa sababu ya kung'aa kwake. Mtu hawezi kuamua kwa kusoma jina. Budi asome yaliyotiwa ndani.

"Vino" nalo lina vituko vyake. Ni mvinyo, na pia ni "alikuja". Hapa si mfanano tena bali ni sura moja kabisa, na hakuna alama wala sauti ya kukusaidia. Ukisoma katika barua "Ahmed vino", usimdhanie mwenzako mabaya. Amefika tu.

Kwenye kulipa yako mambo mawili ya haraka. Sitini ni "sesenta" na sabini ni "setenta", na wauzaji husema upesi. Sikiliza herufi ya katikati: sita ni "seis", kwa hiyo sitini ina s, saba ni "siete", kwa hiyo sabini ina t. Na "cuatro" ni nne, ilhali "cuarto" ni robo, pia ni chumba. Saa kumi kasorobo za alasiri wao huiita "las cuatro menos cuarto", na mwenye kuyapindua maneno hayo ataikosa meli yake.

Jambo la pili: unapotaka hesabu yako mkahawani omba "la cuenta". Ukiomba "el cuento" umeomba hadithi. Huu ni ukoo mkubwa wa maneno yanayotofautiana kwa o na a ya mwisho, na Mhispania huyagawa kwa jinsia: "el puerto" ni bandari na "la puerta" ni mlango, "el plato" ni sahani na "la plata" ni fedha. Mengine hayabadiliki hata irabu: "el capital" ni rasilimali, "la capital" ni mji mkuu, "el cometa" ni nyota yenye mkia, "la cometa" ni tiara ya watoto, "el cura" ni kasisi, "la cura" ni tiba. Sisi hatuna jinsia, lakini tuna ngeli, nazo hufanya kazi hiyo hiyo. Tukisema "ndege yule" tumetazama mtini, na tukisema "ndege ile" tumetazama uwanja wa Moi. Anayejifunza neno la Kihispania bila kile kijineno cha mbele amejifunza nusu.

SURA SI UDUGU

Sasa tuje kwenye tamaa inayowapata wasomaji wengi wa pwani wanapokifungua kitabu cha Kihispania. Waislamu walitawala sehemu za nchi ile tangu mwaka 711 hata mwaka 1492 ilipoanguka Granada, na lugha ikabaki na maneno mengi sana ya Kiarabu. Mtu huyaona, akafurahi kama aliyekutana na jamaa ugenini: "azúcar" ni sukari, "fulano" ni fulani, "rehén" ni mtu aliyeshikwa rehani. Akiisha kuona hayo, huanza kuuona udugu kila mahali. Hapo ndipo panapotaka akili.

Chukua "mezquita" na "mosquito". La kwanza ni msikiti, la pili ni mbu. Imetembea hadithi kwamba Wahispania waliipa misikiti jina hilo kwa dharau, wakiifananisha na mbu. Hadithi hiyo haina msingi. "Mosquito" ni kidogosho cha "mosca", yaani inzi mdogo, na asili yake ni Kilatini. "Mezquita" ni "masjid" ya Kiarabu, na la kupendeza ni kwamba Wahispania na Waswahili, pasipo kushauriana, wote wawili waliweka k pahali pa jim. Ule msikiti mkuu wa Córdoba, uliojengwa kuanzia miaka ya 780, uligeuzwa kanisa mwaka 1236 na mpaka leo ni kanisa kuu, lakini watu wa mji bado huuita "la Mezquita". Anayetafuta pa kuswali asiufuate mwito wa jina hilo. Mjini Granada, katika mtaa wa Albaicín, uko msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Na jirani wa maneno haya mawili ni "mezquino". Hilo ni "miskin", sawa na maskini wetu, ila njiani limeharibika tabia: kwa Mhispania wa leo ni mtu bahili, mwenye moyo mdogo. Ukitaka kumwambia mtu kwamba unamhurumia, usimwite hivyo.

Kuna na "alcalde" na "alcaide", tofauti yao ni l na i. "Alcalde" ni "al-qadi", yule yule kadhi wetu, ambaye huko amekuwa meya wa mji. "Alcaide" ni "al-qaid", kamanda wa ngome, na baadaye msimamizi wa gereza. Wasomaji wa vitabu vya historia huwachanganya, wakamweka hakimu juu ya mizinga. Ama "al-wazir", yeye ameshuka cheo kuliko wote: "alguacil" ni askari wa mahakama anayepeleka samansi.

Lakini si kila neno lenye "al" mbele ni la Kiarabu. "Alma", ambayo ni roho, ni Kilatini kitupu, na "almendra", ambayo ni lozi, ni Kiyunani kilichopitia Kilatini. Na mfano ulio bora kuliko yote ni huu: "como" maana yake ni "kama". Sauti zakaribiana, maana ni moja, na Kiswahili tumelipata letu kwa Waarabu. Nani asingeapa kuwa ni ndugu? Si ndugu. "Como" ni "quomodo" ya Kilatini iliyochakaa kwa kutumika, na hati za kale zinaonyesha njia iliyopita. Zaidi ya hayo, "como" hiyo hiyo ni "ninakula", na ukiibadili irabu ikawa "cama" ni kitanda.

Kwa upande wa pili, "hasta" ni "mpaka", nalo ni ndugu halisi wa "hata" yetu. Wote ni watoto wa "hatta" ya Kiarabu. Mhispania anapoaga jioni husema "hasta mañana". Wazee wetu wangelisema "hata kesho", neno kwa neno. H yake haitamkwi leo, kwa hiyo kwa sikio halitofautiani na "asta", ambayo ni pembe ya mnyama au mlingoti wa bendera. Hao wawili wa mwisho hawana nasaba.

Tumalizie kwa "ojalá". Mwanafunzi hulitafuta katika kamusi akakutana kwanza na "ojo", ambayo ni jicho, kisha "ojal", ambayo ni tundu la kifungo, jicho la nguo kwa maana nyingine, kisha "ojala", yaani anatoboa tundu la kifungo. Hudhani kwamba neno lifuatalo ni la ukoo huo, limeongezwa mstari tu. Lakini "ojalá" haihusiani na jicho wala na fundi cherehani. Wapo wasemao ni "inshallah". Wamekaribia. Wataalamu wa Akademia ya Kifalme ya Uhispania, chuo kilichoasisiwa mwaka 1713, hulirudisha kwenye Kiarabu cha Andalusia, "lau shaa Allah". "Lau" hiyo ni "lau" yetu. Kwa hiyo neno hilo halitoi ahadi kama tunavyolifanya la kwetu siku hizi. Hutoa matumaini tu, na kitenzi kinachofuata hubadilika sura kwa sababu hiyo. "Viene mañana" ni "anakuja kesho". "Ojalá venga mañana" ni "lau Mungu angependa, na aje kesho".